Pete za Mti wa Kumi na Saba

Kitendawili, wajukuu zangu! Kila mwaka huvaa pete mpya, wala haivui ya zamani, na pete zake huzioni mpaka afe. Mmeshindwa? Msinipe mji bado. Jibu tutalikuta njiani.

Msichana mmoja wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa kupenda kusema, kila likizo alimsaidia shangazi yake, mpima misitu. Kila mti ulikuwa na namba na mstari wa rangi. Unazungusha utepe penye mstari, unasoma, unaandika. Sharti lilikuwa moja: daftari la mwaka jana halipandi msituni.

"Jicho likishaona jibu la jana, la leo halilitafuti," shangazi alizoea kusema.

Siku hiyo shangazi alipima ng'ambo ya kijito, Chiriku akapewa miti ishirini ya mlimani. Ndani ya sweta alikuwa ameficha lile daftari. Alipomaliza mti wa kumi, siafu walimtia adabu, na mlima ulikuwa bado mrefu. Akaketi juu ya jiwe, akanakili vipimo vya zamani vya miti iliyobaki, kila mmoja akauongezea sentimita moja.

Jioni shangazi, aliyevijua vipimo vya mwaka jana kwa moyo, aliisoma karatasi, akavua miwani.

"Miti kumi, yote imenenepa sentimita moja moja, kama imeshonewa sare! Chiriku, uliifikia?"

Chiriku aliinama, akaanza kujikuna palipoumwa na siafu.

"Leo umemeza ulimi? Haya. Karatasi hii inaondoka kesho saa nne. Wakubwa wakisoma kwamba msitu ni mzima, walinzi wetu watapelekwa kwingine."

Asubuhi, chai haijachemka, Chiriku alichukua utepe, akapanda mlima mbio. Mti wa kumi na saba haukuwepo. Palikuwa na kisiki kibichi, utomvu ukichuruzika kama machozi. Na pete ndizo hizo, wajukuu zangu: duara ndani ya duara, kila moja mwaka wake. Alihesabu mpaka sitini, macho yakajaa maji, hesabu ikampotea. Mti wa kumi na nane ulikuwa tayari na jeraha la msumeno.

Alimkuta shangazi akifunga bahasha. Akamwaga mezani konzi ya unga wa mbao.

"Wa kumi na saba umekatwa, shangazi. Wameshaanza wa kumi na nane."

Shangazi aliifungua bahasha, akazifuta tarakimu kumi kwa mstari mmoja, akaandika: *Miti inakatwa. Walinzi wasiondoke.* Kisha akamvuta mtoto karibu.

"Mwanangu, mgonjwa akiandikwa mzima, dawa yake hupewa mwingine. Msitu hauna mdomo. Mdomo wake ni kalamu yetu. Bahasha hii ikishaondoka, tutapanda pamoja tukaipime upya miti yote. Ila jana nilikuuliza swali, na bado nangoja."

Chiriku alitoa daftari ndani ya sweta, akaliweka juu ya ule unga.

"Sikuifikia, shangazi. Niliketi juu ya jiwe, nikaandika."