Wa Nane Kisimani

Kisima cha Halake kiliteremkiwa na watu saba. Wa chini kabisa alichota, akampa wa juu yake, naye akampa wa juu yake, ndoo za ngozi zikapanda mkono kwa mkono hadi kwenye hori la udongo ambako ng'ombe walingoja. Waliimba wakichota, maana bila wimbo mikono hupishana na maji humwagika. Halake Duba, msimamizi wa kisima, alikaa ukingoni akisikiliza. Sauti za watu wake alizijua kama milio ya ng'ombe wake.

Asubuhi ile alisikia sauti nane.

Akainama. "Nani mwingine yuko huko chini?"

"Ni sisi sisi, mzee," akajibu Boru, wa tatu kutoka juu. "Kwani una mtu wa kutuongezea? Mlete, mgongo wangu umekwisha."

Watu wakacheka. Kussia, aliyekuwa wa mwisho chini, hakucheka. Alipopanda mchana macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Mzee," alinong'ona, "kuna anayeimba chini ya nyayo zangu. Anajua mpaka majina ya ng'ombe."

Kussia alikuwa mtu wa kuja. Miaka minne nyuma aliteremka kutoka milima ya magharibi, maradhi yakiwa yamemaliza nyumba yao yote. Halake alimpa mtamba mmoja na nafasi kisimani, ile ya chini ambayo hakuna aliyeipenda. Mke hakuwa naye, wala mtoto.

Mvua ilikuwa imekosa mara ya tatu. Kila siku maji yalishuka, na ndoo zikaanza kupanda na uvuguvugu wa pumzi, zikinuka kama pua ya ng'ombe mgonjwa. Siku ya tano maji yalipomfika Kussia vifundoni, wimbo ulikatika, wote saba wakanyamaza, lakini sauti moja ikaendelea peke yake gizani, polepole, bila kuvuta pumzi, ikiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, walio hai na waliokwisha kufa, mpaka wale waliokuwa horini wakainua vichwa wakageukia shimo, ndipo ikaacha kuimba ikasema kwa upole, kama mgeni aombaye maziwa:

"Nipeni mmoja akae nami, niwape maji mpaka mvua. Mkininyima, nafumba mkono."

Walikutana kando ya hori, jua la utosi. Tume, mjukuu wa Halake, alilala chini ya ngozi, midomo imepasuka. Mama yake, Kabale, alimpepea nzi.

"Kaya sitini, mzee," Boru alisema kwa sauti ya chini. "Sitini kwa mmoja."

"Mmoja yupi?"

Macho yote yakaenda upande mmoja, alikokuwa Kussia, ameinamia ndoo akiishona.

"Mtajeni basi," Halake alisema. "Kama jina lake halitoki mdomoni, mkono wenu utamtoaje?"

"Na wewe mtaje Tume, baba," Kabale alisema bila kumtazama mkwewe. "Maana tukikaa hivi, huyu ndiye tuliyemtoa."

Halake alisema atakwenda kwa Elema, mganga aliyekaa mwendo wa nusu siku, aje amfukuze huyo jini. Hadi arudi, mtu asiteremke. Kisha akamwendea Kussia.

"Twende wote."

"Mtamba wangu hasimami, mzee. Nikimwacha leo atakufa."

"Kussia. Twende."

"Atakufa, mzee."

Halake aliwatazama wale waliokuwa wakiwatazama. Alijua wanachongoja. Akachukua fimbo yake, akaenda peke yake.

Alirudi kesho yake na Elema, mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Njiani alisema mara moja tu.

"Kumtoa naweza. Lakini mshipa wa maji kaushika yeye. Akitoka anatoka nao. Mtahama. Kisima kingine ni siku tatu, na kwa hali ya watoto wenu utazika njiani. Utamzika nani, hujui."

"Nitazika aliyechukuliwa na Mungu," alisema Halake. "Wa mkono wangu, hapana."

Kabla hawajafika walisikia ng'ombe. Haukuwa mlio wa kiu.

Hori lilikuwa linafurika. Ng'ombe walisimama kwenye tope, matumbo yamejaa. Tume alikuwa ameketi, kidevu kimelowa, akimcheka ndama. Kabale alikuja mbio na kibuyu.

"Kunywa, baba."

"Kussia yuko wapi?"

"Aliteremka mwenyewe."

Halake akamgeukia Boru. Boru alijivutia shuka kufunika mikono, lakini mikwaruzo ilionekana, mirefu, mipya.

"Aliteremka mwenyewe, mzee."

Akamuuliza kikongwe aliyekuwa akifua. Aliteremka mwenyewe. Akamuuliza mwingine, na mwingine. Wote waliyasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Akaenda ukingoni. Kwenye udongo mbichi kulikuwa na michirizi kumi ya vidole, ikianzia juu na kuishia mahali ambapo hapakuwa na cha kushika.

Elema alikuja akasimama nyuma yake. "Nimtoe huyo jini?"

Watu waliacha walichokuwa wakifanya.

"Nikimtoa sasa, maji yanakwenda na Kussia wako amekufa bure," alisema. "Nikimwacha, ukame ujao atataka mwingine. Sema wewe, msimamizi."

Halake alimtazama Tume. Yeye mwenyewe, tangu jana koo lake lilikuwa halijapitiwa na kitu. Akakipokea kibuyu mkononi mwa Kabale, akakishika muda mrefu, kisha akanywa. Maji yalikuwa baridi, matamu, na alipoanza hakuweza kuacha mpaka yakaisha.

Elema hakuuliza tena. Alifungua pindo la nguo yake, akatoa buni alizoletewa na Halake kama heshima ya kumwita, akaziweka chini. "Chenu sili."

Alipoinua kichwa akawaona wanavyomtazama. Hawakuwa na hasira. Walimtazama kama walivyomtazama Kussia jana: mtu aliyekuja peke yake, asiye na ndugu hata mmoja pale. Elema alianza kuondoka, haraka lakini bila kukimbia, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

"Mama Elema!" Halake aliita. "Subiri kidogo!"

Aligeuka, akamtazama Halake usoni, akaona macho yale yale. Ndipo akakimbia.

Halake alibaki amenyoosha mkono, maji yakimdondoka ndevuni, akijiuliza alitaka kumwambia nini.