Chupa Iliyobisha Hodi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Lorraine, jirani yetu wa hapa Komarock, alinunua chupa ya kijani kwa Mbuthia, muuza vyuma chakavu wa Kiamaiko. Saa anaikumbuka kwa sababu huandika kila kitu kuhusu chupa zake za kale: zilikotoka, urefu, mshono. Mshono ni ule mstari mwembamba unaoachwa na kalibu ya kuundia kioo. Ukikomea chini ya mdomo, chupa ni ya zamani, mdomo uliumbwa kwa mkono. Ukifika mdomoni, ni ya mashine. Huu ulikomea begani.

Chupa ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Madam Chupa, hiyo gunzi usitoe," Mbuthia alimwambia.

"Kwani ndani kuna nini?"

"Hewa. Lakini si yako."

Wauzaji wenzake wakacheka. Mbuthia mwenyewe hakucheka.

Nyumbani Lorraine alilitoa. Gunzi halikuwa na umri wa chupa, naye hakutaka viraka kwenye mkusanyiko wake. Alilitupa, akaosha chupa, akaiweka dirishani ikauke.

Mama yake, Perez, alikuwa jikoni akimenya viazi na kuimba. Ni kiongozi wa kwaya. Sauti yake tunaijua ghorofa zote nne. Upepo ukapita kwenye mdomo wa chupa, ukalia kidogo.

"Karibu," Perez akaitikia.

"Unamkaribisha nani, Mama?"

"Si mtu amebisha hodi?"

Lorraine alifungua mlango. Ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Hazikuwa na alama hata ya unyayo mmoja.

Aliporudi, wimbo ulikuwa umekatika. "Koo limenikauka, nyathina, mwanangu," Perez alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Saa nane Lorraine alipima chupa. Mshono ulikuwa umepita bega kwa milimita kumi na moja. Akajilaumu. Akabadilisha rula. Akatazama picha aliyopiga asubuhi: begani. Akatazama chupa: shingoni. Hakuna kilichomkera kama vipimo visivyokubaliana, na sasa hata macho yake hayakukubaliana. Saa tisa: milimita kumi na tisa. Saa tisa na nusu: ishirini na nne.

Saa kumi mama yake alikuwa ananong'ona.

Alimpigia Mbuthia mara nne bila kupokelewa. Ya tano akapokea.

"Mshono unapanda," Lorraine alisema. "Mama anapoteza sauti. Nina kizibo kizuri, niizibe nacho?"

"Gunzi ile ile. Na mtu asiitikie."

"Ameshaitikia."

"Basi ziba kabla haujafika mdomoni," Mbuthia alisema.

"Ukifika?"

"Mzee aliyeniuzia hakuniambia. Hakuwa anaongea. Aliniandikia kwa karatasi."

Pipa lilikuwa tupu. Mama yake alikuwa ameshashusha taka, na mkokoteni wa taka ulikuwa langoni, umejaa. Lorraine alichana mifuko kumi na mmoja kwa mikono, mbele ya watu.

"Kumbe digrii yako ni ya takataka," Mama Jackton wa ghorofa ya pili alimtania.

Lorraine akazidi kuchakura. Nepi. Majivu. Maganda ya viazi. Gunzi.

Alikimbia juu. Mshono ulikuwa umebakiza upana wa ukucha. Akashindilia gunzi kwa kiganja. Alisubiri. Akapima. Akasubiri. Akapima. Mstari haukusogea tena.

Perez alilala mapema. Lorraine hakuthubutu kumuuliza hali ya sauti yake.

Jumapili, saa moja asubuhi, aliichukua chupa. Gunzi lilikuwa mahali pake. Kioo kilikuwa laini pande zote, kama yai.

Mshono haukuwepo.

Akaenda chumbani. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, tayari amevaa joho la kwaya. Alifungua kinywa kumsalimu. Hakikutoka kitu. Shingoni mwake, kutoka chini ya koo, ulipanda mstari mwembamba, ulionyooka, umeinuka kidogo. Lorraine aliugusa kwa kidole. Ulikuwa baridi. Baridi ya kioo.

Hakupiga kelele. Alileta rula na daftari lake, akapima, akaandika chini ya neno Mshono: unakomea chini ya kidevu.

Saa moja na nusu akapima tena, akafuta, akaandika upya: umefika kidevuni.