Pamba Ibaki Nyeupe

Mwanamke wa gauni la manjano alitokea bila kutazamiwa, Jumamosi, wakati soko la vito vya fedha la Taxco, mji wa masonara kule Meksiko, limefurika hadi mtu akitaka kukohoa anaomba nafasi. Hakuuliza bei. Aliinama mbele ya meza ya Leobardo, akachagua hereni zenye umbo la jani, akatoa mkobani kichupa na kijiti cha pamba. Harufu kali, kama ya zizi la punda, ilipanda hewani. Leobardo alikuwa bado anatafuta la kusema wakati mgeni yule alipoisugua pamba kwenye jani, akaitazama: bado nyeupe. Kisha akasugua kulabu, kile kipande kinachoingia sikioni.

Pamba iligeuka waridi, waridi hasa, kama shavu la mtoto aliyetoka kukimbia.

"Jani ni fedha," alisema. "Kulabu siyo. Ina nikeli."

Hakupaza sauti, lakini Taxco neno kama hilo halihitaji sauti. Kumwambia sonara wa mji ule kwamba kitu chake si fedha ni kama kumwambia mwoka mikate kwamba ametia mchanga kwenye unga. Wateja wawili waliokuwa wakijaribu bangili walizirudisha mezani taratibu. Doña Eufrosina, mama yake Leobardo, aliyekuwa akimenya chungwa nyuma ya meza, aliacha kisu hewani.

"Wewe binti, nani kakutuma?"

"Masikio ya watu, mama."

Alijieleza. Jina lake Nereida, muuguzi katika kliniki ya ngozi kule Iguala. Hapakupita wiki bila kuja wanawake wenye masikio yaliyovimba na kutoka maji, na wote waliapa kwamba walivaa fedha ya Taxco. Walipobandikwa mgongoni chembe ya nikeli kwa kipimo, ngozi iliwasha. Ndipo akaamua kuja kuona mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa akipita meza kwa meza, na kwingine kote alifukuzwa.

Leobardo hakumfukuza, na hakujua kwa nini. Alikuwa kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko nyundo yake, na fedha yake aliijua vyema. Aliiyeyusha mwenyewe, akaifua, akaipiga chapa. Kulabu alizinunua zikiwa tayari kwa binamu yake Gumaro, mwenye meza ng'ambo ya njia, kama walivyofanya masonara wengi wa mtaa wake. Nani ana muda wa kufua kulabu? Kwake kulabu ilikuwa kulabu tu, kama msumari ni msumari.

Lakini aliona kwamba mwanamke huyu mwenye masikio mazuri hakuvaa chochote masikioni. Palikuwa na kovu dogo tu kwenye kila ndewe, kama nukta. Akaona pia kwamba Nereida anaitazama mikono yake, vidole vilivyopasukapasuka na kuwa vyekundu. Akaificha mifukoni. Mama yake alisema siku zote kuwa ni asidi ya karakana. Yeye alisema ni kazi.

"Mimi nimeshika kulabu hizi tangu nina meno ya utoto," alisema. "Nibandike mgongoni hiyo nikeli yako. Ikiniwasha, nazikata kulabu zote unazoziona hapa na zilizoko nyumbani, na siuzi tena hata moja."

Mdomo uliponza kichwa. Majirani wa meza walipiga makofi, na ahadi ikawa na mashahidi soko zima.

"Sawa," alisema Nereida. "Na isipokuwasha, Jumamosi ijayo nakuja kukuomba radhi hapa hapa, kila mtu asikie."

"Na utavaa hereni zangu."

Nereida aligusa sikio lake. Alisema hajavaa hereni tangu sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na mitano. Bibi yake alimnunulia jozi papa hapa Taxco, na usiku ule ule, akicheza dansi na baba yake, ilibidi azivue masikio yakivuja damu. "Nikipata zisizoniwasha, nitavaa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nitakutengenezea mimi," alisema Leobardo. "Ya kwanza isiyokuwasha itakuwa ya kwangu. Hiyo nayo ni ahadi."

"Mwanangu," alisema doña Eufrosina, "leo utaahidi mpaka paa la nyumba."

Mwisho wa juma ule kliniki ilikuwa imepiga hema nyuma ya kanisa, na alasiri ile ile Leobardo alivua shati mbele ya Nereida akijifanya hana aibu. Vidole vya yule muuguzi vilikuwa baridi. Alimbandika mgongoni safu za vidude vidogo, kila kimoja kikiwa na chembe ya chumvi ya metali: nikeli, kobalti, kromu, na fedha pia, maana sonara alidai fedha yake ipate nafasi ya kujitetea. Kisha masharti. Asilowanishe mgongo, asitoke jasho, asijikune. Jumatatu mchana atavibandua yeye mwenyewe.

"Jumatatu ni Siku ya Jumili, sikukuu yetu," Leobardo alimwambia. "Mji mzima uko juu ya mlima Huixteco."

"Basi nitapanda."

"Kwa viatu hivyo?"

"Wewe chunga mgongo. Viatu niachie mimi."

Kumwambia mtu wa Taxco asitoke jasho ni kumwambia samaki asilowe. Kila njia pale ni ngazi. Leobardo alipanda teksi kwenda kununua mkate kwenye kona ya mtaa wake, na watoto wakamfuata wakiimba kwamba bwana anaenda ikulu. Jumapili jioni simu yake ililia.

"Unajikuna?" aliuliza Nereida.

"Sijikuni. Nimekaa kama sanamu ya mtakatifu."

"Mtakatifu gani?"

"Yule aliyechomwa mishale."

Nereida alicheka, na Leobardo akagundua kwamba anachekea puani, kama mtu anayejaribu kuzuia chafya. Akaanza kutafuta maneno ya kumchekesha tena. Walizungumza mpaka simu ikapata moto. Nereida alimweleza jinsi anavyowaimbia watoto wanaoogopa sindano. Yeye alimweleza jinsi marehemu baba yake alivyomfundisha kujua kwa rangi ya moto kwamba fedha imeiva.

"Sasa niambie kweli," alisema Nereida mwishowe. "Panawasha wapi?"

"Kushoto, chini ya bega. Nani anakaa pale?"

"Sikuambii. Lala, mtakatifu wangu."

Lile neno "wangu" lilimkosesha usingizi kuliko mwasho.

Jumatatu alipanda mlima juu ya punda wa kuazima, mama yake akitembea pembeni na kumpepea kwa kofia. Juu kulikuwa na mahema, gitaa, moshi wa kuni za mwaloni, na watu wakila jumili, wale wadudu wadogo wa msituni, wazima wazima ndani ya chapati za mahindi, wakiwarudisha kwa kidole waliojaribu kutoroka pembeni mwa mdomo. Mchana ulipofika, mwasho chini ya bega ulikuwa kaa la moto. Leobardo aling'ata kofia. Binamu yake Zenaida, aliyekuwa ametoka kuvishwa taji la Malkia wa Jumili, na gauni lake la kijani likimeremeta kama gamba la samaki, alimwonea huruma. Alikaa nyuma yake, akalipandisha shati, akaanza kumpuliza mgongoni kama mtu anayepoza uji.

Wakati huo huo Nereida alitokeza kati ya misonobari, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Alichokiona ni malkia mwenye taji amelaza shavu karibu na mgongo wa Leobardo, na Leobardo, amefumba macho, akisema, "Hapo hapo, roho yangu, usiache."

Nereida aliweka viatu chini. Alivibandua vidude vile kama mtu anayebandua tangazo la jana ukutani, akachora alama kwa kalamu, akamwambia aje kliniki Jumatano kwa usomaji wa mwisho, na masharti ni yale yale. Doña Eufrosina alimpa maji; Nereida akashukuru, hakunywa. Akashuka.

Leobardo alisimama amkimbilie. Hatua ya kwanza tu akakumbuka: jasho. Akabaki amesimama pale, ameshika mti, akiita jina lake, na gauni la manjano likazidi kuwa dogo kati ya miti. Alipiga simu njia nzima ya kurudi juu ya punda. Haikupokewa.

Jumatano alifika Iguala amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yake Zenaida, na utepe wa umalkia kifuani. Zenaida hakungoja kukaribishwa.

"Dada," alimwambia Nereida, "mimi ni binamu yake wa damu. Nina mume, Porfirio, na mapacha wanaonitosha. Huyu hata nikipewa na zawadi juu simtaki. Alikuwa analia kwa mwasho, nikampuliza. Basi." Akageuka, akaenda kutafuta aiskrimu.

Nereida alipanga vijiti vya pamba ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Angalau ungenifuata," alisema bila kuinua macho.

"Ulinikataza kutoka jasho."

Kisha ikasikika ile chafya inayozuiwa, na Nereida akafunika uso kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka muuguzi mwenzake akachungulia. Leobardo alihisi kama amerudishiwa pumzi aliyoiacha mlimani.

Alipovua shati, Nereida alishika vioo viwili ili naye aone. Ngozi ilikuwa safi kila mahali, hata pale palipokaa fedha, isipokuwa kimraba kimoja chini ya bega la kushoto, kimevimba, chekundu, kimejaa malengelenge madogo. Nikeli. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kwenye vidole vyake kila siku ya Mungu.

"Fedha haina ugomvi na wewe," Nereida alisema, akaushika mkono wake na kuugeuza kiganja juu. "Na hivi vidole. Bila shaka ulidhani ni asidi. Ni nikeli hiyo hiyo."

Leobardo alitazama nyufa zile. Alifurahi, maana alikuwa ameanza kuogopa kwamba siku moja hatashika nyundo. Halafu akakumbuka sanduku lililoko nyumbani: oda nzima ya Krismasi ya doña Ofelia, mwenye duka kule Acapulco, mteja aliyewalisha tangu baba alipofariki. Hereni tupu, na zote zina kulabu za Gumaro. Doña Ofelia angekuja kuichukua Jumamosi.

Nereida alimsoma usoni. "Ile ahadi ya sokoni uliitoa kwa hasira," alisema polepole. "Mimi sikushiki nayo. Uza hizo, uanze upya mwakani."

Leobardo alizitazama zile nukta mbili kwenye masikio yake. Alifunga vifungo vya shati, akambusu kiganja kama mtu anayebandika kitu kisichotakiwa kulowa, akaondoka.

Alhamisi koleo lililia karakanani, tak, tak, kulabu zikiruka sakafuni, na doña Eufrosina mlangoni akiwaita watakatifu wote waje wamwone mwanawe anavyojifukarisha. Leobardo alizikata zote. Kisha akayeyusha fedha, akaivuta kuwa waya, akaanza kufua kulabu, vidole vimefungwa vitambaa. Ilikuwa kazi ya kobe. Jumamosi ilipopambazuka, jozi moja tu ilikuwa imekamilika: yale majani mawili.

Doña Ofelia alikuja na mfuko wake mkubwa, akafungua sanduku, akaona hereni zisizoweza kuning'inia popote. Leobardo alimweleza yote, akamwomba muda. Doña Ofelia alisikiliza huku jicho lake likiwa kwenye majani mawili yaliyolala juu ya kitambaa cheusi.

"Nipe hizi leo nimpelekee mkwe wangu," alisema, "na nitakungoja kwa hizo nyingine. Usiponipa, naenda kwa Gumaro sasa hivi."

Doña Eufrosina alimkanyaga mwanawe mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Samahani sana, doña Ofelia," alisema Leobardo. "Hizi zina mwenyewe."

Mfuko mkubwa ulivuka njia kwenda meza ya Gumaro. Mama na mwana waliutazama ukijaa.

Wangali wakitazama, gauni la manjano likatokea. Doña Eufrosina hakumpa hata nafasi ya kusalimu. Alimweleza oda ilipokwenda, na jozi iliyoipeleka huko, kwa sauti ya mtu anayesoma shitaka. Nereida aligeuka akamtazama Leobardo, na Leobardo akasukuma kitambaa cheusi mbele.

"Pima."

Alifungua kichupa. Ile harufu ya zizi ikapanda tena. Alisugua jani, akasugua kulabu, akageuza kijiti, akasugua tena, kwa muda mrefu, kama anayetafuta kosa na kuomba asilipate. Majirani wa meza walirefusha shingo. Pamba ilibaki nyeupe.

"Nyeupe," alisema. Alikusanya nywele zake juu ya shingo. "Nivishe wewe."

Kitundu kilikataa kidogo, kama mlango wa chumba kisichofunguliwa miaka mingi, kisha kikakubali. Na cha pili.

"Kwa hiyo leo tumeuza?" aliuliza doña Eufrosina.

"Hatujauza, mama," alisema Leobardo. "Tumetoa."

Doña Eufrosina alitazama sanduku la hereni zisizo na kulabu, akatazama majani mawili yakicheza kwenye masikio ya yule binti, akashusha pumzi. Alipasua chungwa lake, akampa Nereida nusu iliyo kubwa, akasogea kwenye benchi.

"Kaa basi, mwanangu," alisema. "Kwa waliofilisika nafasi haikosekani."