Zamu ya Karavani Nyeupe

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe mwenye redio, izime. Mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Nikianza sitaki kusikia hata kikombe, maana haya si ya kusimuliwa huku watu wanapitapita mlangoni.

Ilikuwa miaka ya utawala wa askari, hapa hapa Kampala, wakati kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi. Kyebando alikaa fundi wa magari, Mnubi, jina lake Taban. Mkewe alikuwa Mwanawetu, wa zile koo za wafanyabiashara wenye asili ya pwani. Taban alipata kombi mbovu iliyotupwa, akaifufua, akaweka kitanda nyuma, jiko la mafuta ya taa na mapazia. Mwanawetu akamwambia, sasa tuna nyumba mbili, na sukari hatuna hata ya moja.

Ndipo akaja Mzee Hamdun, muuza matunda wa soko la Nakasero, mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya kulala. Ulimi wake ulikuwa laini kama parachichi. Akakaa mkekani akaeleza faida za kujiunga. Jumamosi mnaondoka kwa msururu mmoja, kwa hiyo vizuizini askari hawamchezei mtu aliye peke yake. Gari likizima, mwenzio ana plagi. Aliyebahatika chumvi analeta chumvi, aliyebahatika mafuta analeta mafuta, na kila mtu anarudi nyumbani na kidogo cha kila kitu. Watoto wanakimbia, kina mama wanalala mchana. Na kila jioni ya kambi mmoja ana zamu ya kuwakaribisha wenzake kahawa garini kwake.

"Na asiyekwenda kwenye zamu ya mwenzake?" Mwanawetu akauliza.

"Huyo atakuwa ametutukana, mwanangu. Chama ni kutembeleana."

"Mzee Hamdun, siku hizi akikutembelea mtu, unaweza kuondoka naye usirudi."

Hamdun akatazama dirishani kwanza, halafu ndipo akacheka.

Wakajiunga, na nisiseme uongo, utamu waliuona. Huko ng'ambo ya Luzira, ukishalipita gereza, kulikuwa na uwanja wa majani ukingoni mwa ziwa. Magari yalipangwa duara, milango ikitazamana. Mwanawetu alilala usingizi ambao Kyebando hakuwa nao, kwa sababu Kyebando kila gari lililopunguza mwendo usiku lilimfanya akae kitandani.

Jumamosi moja, baada ya kupanga magari, Mwanawetu akaona kuna karavani nyeupe kati ya ile ya Hamdun na gari la Akwero. Mapazia yamefungwa. Lilikuwa jambo dogo tu: mbele yake hapakuwa na gari la kuivuta.

Akamwendea Akwero. Huyu alikuwa muuguzi, Mwacholi, ambaye mumewe alichukuliwa kazini na watu wa miwani nyeusi na hakuonekana tena. Alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua uso.

"Mimi sijaiona," akanong'ona. "Na wewe hujaiona. Weka chakula, nyamaza."

Ndivyo tulivyoishi, wanangu. Mgeni hakuulizwa jina. Ukimuuliza lake atakuuliza lako, na kesho jina lako liko mezani kwa mtu. Basi kila mmoja akajisemea moyoni kwamba huyo ni jasusi, na jasusi hulishwa. Kila nyumba ikaweka sahani kwenye ngazi ya karavani nyeupe: wali, samaki, matoke. Asubuhi kila sahani ilirudi mlangoni kwa mwenyewe, safi, kavu, baridi kama imetolewa kisimani. Ilinukia udi, na chini ya udi ilikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa karibuni.

Safari iliyofuata waliikuta pale pale. Na iliyofuata. Hamdun akaanza kuiachia nafasi duarani bila kuambiwa.

Alasiri moja Mwanawetu alikuwa anaanika nguo karibu nayo, akasikia ndani mtu akinena taratibu, anarudia, anakosea, anarudia tena, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi sura. Akatega sikio. Ilikuwa sauti yake mwenyewe: "Taban, lete maji." Neno alilolisema asubuhi ile.

Akaenda kumweleza mumewe.

"Ni tepu," Taban akasema bila kugeuza kichwa. "Wanaturekodi. Cheka kidogo, waone tuna furaha."

Akacheka. Na ndani ya karavani, baada ya kitambo, kicheko chake kikarudi.

Basi zamu ya kahawa ilikuwa inafuata duara, na siku ikafika ambayo aliyefuata ni yule. Jua lilikuwa linazama. Mlango mweupe ulikuwa wazi kiasi cha kupita mkono, na harufu ya kahawa na tangawizi inatoka. Wakasogeana nyuma ya gari la Hamdun. Tusipokwenda tumewatukana, Hamdun akasema, basi aende mmoja kwa niaba yetu. Macho yote yakamwangukia Taban.

"Wewe Mnubi," Hamdun akanong'ona. "Askari wengi ni ndugu zako. Watakusikiliza."

Mwanawetu akamshika shati. Taban akamfungua vidole kimoja kimoja. "Nisipokwenda," akamwambia sikioni, "hawa wataamini mimi ndiye niliyeileta."

Akapanda ngazi, akapiga hodi, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake polepole, bila mkono, na wao wakakaa pale kwenye majani wakisikiliza vikombe vikigongana na Taban akicheka kile kicheko chake kizito, mpaka magharibi ikapita, mpaka isha ikapita, na kicheko hakikukoma, ila kilianza kuja kwa sauti mbili, ya Taban na ya Taban, moja ikifuata nyingine, halafu zikaenda pamoja, halafu mtu asingeweza tena kujua ipi ilianza.

Kulipokucha hakuwa ametoka. Hamdun alikuwa anakunja turubai lake.

Mwanawetu na Akwero wakapanda Luzira kwa Bibi Rukiah, mganga wa Kinubi, wakamkuta anachambua maharage. Wakamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Jasusi huuliza maswali," akasema. "Huyu amewauliza nini?"

Hakuna.

"Na ninyi mlimuuliza ni nani?"

Hapana.

"Mkamlisha, mkampa nafasi, mkamwekea na zamu. Basi ni mwanachama wenu. Anajua kile tu alichosikia pale. Mama wa mumeo mlimtaja?"

Mwanawetu akatikisa kichwa. Mama huyo alikufa zamani, kambini hakutajwa.

"Basi jina lisikutoshe. Uliza mama."

Adhuhuri, jua kali, Rukiah akachoma ubani chini ya ngazi. Mwanawetu akapanda; mlango ulikuwa umefunguka tena, ndani giza. Akwero akamshika kiunoni kutoka nyuma. Wengine walibaki ndani ya magari yao, wamefunga vioo.

"Ni nani humo?"

"Mimi Taban," sauti ikajibu, ya mumewe kabisa. "Mwanawetu, lete maji."

"Mama yako ni nani?"

Sauti ikaanza kujaribu, mwana wa Akwero, ikasema, na ilikuwa sauti ya Hamdun, mwana wa Mwanawetu, ikasema kwa sauti ya watoto wa kambi, mwana wa Hamdun, mwana wa chumvi, mwana wa plagi, maneno yote ya Jumamosi zote yakimwagika kwa sauti zao wote, kwa haraka, kwa hasira, karavani ikitetemeka na harufu ya udongo ikiziba pua, hadi chini ya kelele hizo, mbali kama mtu aliye shimoni, koo kavu likasema:

"Kaltumi. Mimi ni mwana wa Kaltumi."

Mwanawetu akatumbukiza mkono palipotoka neno hilo, akagusa kifundo cha mkono baridi kama zile sahani, akavuta. Akwero akamvuta yeye. Taban akaangukia majani, midomo imepasuka. Akwero alikuwa bado anautazama ule mlango.

"Kuna mwingine humo?" akauliza taratibu.

Ukajifunga. Walipoinama kumnywesha Taban na kuinuka tena, palikuwa na majani tu, marefu, hayajawahi kukanyagwa na gurudumu.

Taban aliishi miaka mingi, ingawa ukimwita alisubiri umwite mara ya pili. Kombi aliirithi binti yake Nusura, anafugia kuku. Akwero alirudi kwao kaskazini, na birika lake la kahawa akamwachia Mwanawetu. Hamdun alipokufa, karavani yake ilikwenda kwa mpwa wake Abdulghani, ambaye anapenda sana safari za chama, maana chama bado kipo na faida zake ni zile zile. Uenyekiti Hamdun hakumwachia mtu, na mkutano wa kuchagua haujaitishwa hadi leo. Lakini Jumamosi wakifika ziwani wanakuta majani yameshalazwa kwa duara, kila mmoja anaona pake, na hakuna anayeuliza nani amepanga.