Bwawa la Ng'ambo ya Reli

"Lorraine ni nani, Alonzo?"

Nilimuuliza hewani, maana kitandani hakuwepo. Simu yake alikuwa ameisahau juu ya friji, na ujumbe wa jana ulisomeka hivi: "Kesho saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Njoo na taulo. Geti nitaacha wazi."

Taulo! Mimi nina mimba ya miezi mitano, harusi yetu Jumamosi, kumbe mwenzangu anaitwa na taulo.

Anwani ilikuwa humo humo kwenye simu. Nikavaa gauni la kazini, nikawasha gari, nikavuka reli. Katika mji wetu huu wa Alabama, weusi tuko upande huu na wazungu ng'ambo. Hakuna tena sheria inayosema hivyo, ila ukivuka asubuhi bila sare ya kazi, utaona mapazia yanavyocheza. Yalicheza kweli.

Nyuma ya ua wa michongoma palikuwa na bwawa la kuogelea la klabu. Ukungu ulikuwa ukipanda taratibu juu ya maji ya buluu, jua ndio kwanza linachomoza, na kwa kitambo nikasahau kilichonileta. Katikati alielea Alonzo wangu, chali, macho kayafumba, utadhani yuko usingizini. Chini ya kichwa chake palikuwa na mkono wa bibi wa kizungu aliyevaa kofia ya mpira, miaka sabini na ushee.

"Alonzo!"

Akazama. Bibi akamvuta juu kwa kwapa.

"Keturah!" alikohoa. "Sivyo unavyodhani."

"Sidhani kitu. Naona. Ndiye huyu Lorraine?"

"Ndiye mimi, binti," bibi alijibu. "Alikuja kutengeneza pampu ya bwawa, sasa namfundisha kuogelea. Wiki ya tatu hii, na bado anapiga mateke kama punda."

Nilitaka kucheka, hasira ikanizuia.

"Kwa nini umenificha, Alonzo?"

"Aibu. Mwanaume mzima, miaka thelathini na tatu, sijui kuogelea."

"Kwani mimi najua? Kwetu nani anajua?"

"Ndiyo hivyo. Hakuna." Alijifuta uso. "Kile kiwanja cha nyasi karibu na kanisa letu kilikuwa bwawa la mji. Mahakama iliposema na weusi waogelee, wazungu wakalijaza udongo. Kiangazi kile kile watoto wetu wakaenda kuogelea mtoni, na Mjomba Cleophus, bado mtoto, hakurudi. Mama mpaka leo anaogopa hata beseni. Siku mwanangu akitumbukia, Keturah, nataka nijue kumfuata."

Nilimpenda dakika ile, na hasira zangu zote.

"Lori la udongo aliliendesha baba yangu," Lorraine alisema polepole. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa mbele naye, nikipiga honi."



"Kwa hiyo ndio unalipa?" nikamuuliza.

"Hilo halilipiki, binti. Nafundisha kuogelea tu."

Geti likalia. Akaingia mama mmoja mwenye kofia nyeupe na funguo shingoni.

"Lorraine! Siku hizi fundi wa pampu anaingia majini kabisa?"

"Ni mgeni wangu, Patty."

"Mgeni? Mimi ndiye mwenyekiti hapa, na kwenye daftari la wageni simwoni."

Nikamtazama Lorraine. Akainamisha macho.

"Wiki tatu hukumwandika?" nilimuuliza.

"Nilifikiri tukija mapema, kabla ya watu, hakuna atakayeumia."

"Umemwingiza kama mwizi, Bi Lorraine. Na wewe Alonzo, ulijua?"

"Nilijua," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka niwahi kabla mtoto hajaja."

"Vaa nguo tuondoke. Huyo mtoto hatafundishwa kupita kwa kujificha. Na hiyo harusi tutaizungumza nyumbani, kama ipo."

Alonzo alitoka majini kichwa chini. Lakini Lorraine alishatangulia. Alifika kwenye meza ya getini huku akichuruzika maji, akafungua daftari, akachukua kalamu.

"Ukiandika, kikao kitakutoa," Patty alimwonya. "Miaka arobaini ya uanachama, Lorraine!"

"Alonzo, jina la ukoo?"

Alonzo alikuwa bado anahangaika na taulo. Nikajibu mimi.

"Gaddis. Na chini yake andika Keturah Gaddis. Herufi kubwa, mwenyekiti asome vizuri."

Alonzo akaniangalia. "Gaddis? Si mpaka Jumamosi?"

"Nyamaza wewe, bado nimekasirika."

Patty akatoa simu, akaanza kutafuta namba za wenzake wa kikao.

"Piga tu," nilimwambia. "Watatukuta hapa hapa."

Nikavua viatu, nikashuka ngazi na gauni langu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yakalipandisha gauni likanizunguka. Alonzo akaja nyuma yangu.

"Lala chali. Nakushika."

"Usiniachie."

"Sikuachii."

"Alonzo, naomba, usiniachie!"

"Nimesema sikuachii, mke wangu."

Masikio yalipozama, kelele za Patty zikapotea, na mbingu ikabaki peke yake juu yangu. Mtoto akageuka tumboni, taratibu, naye anaelea kwake. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilipogeuza macho, Alonzo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, anatabasamu, mikono yote miwili kainyanyua juu.

Mwongo mkubwa. Jumamosi nikaolewa naye.