Marehemu Baba Amesaini Nasari Ifungwe

Baba yangu yuko kaburini mwaka wa nne sasa. Na Jumanne asubuhi, kwa ukumbi wa wadi, nimesikia akisomwa kati ya wazazi waliokubali nasari ya kijiji chetu ifungwe!

Jina la kwanza. Mzee Kipkoech. Sahihi kando.

Jameni...

"Admin! Huyo mzee alikuja mkutano na miguu gani?"

Ukumbi ukacheka. Kipkirui, afisa wa wadi tunayemwita Admin, hakucheka.

"Kaa chini, Zack. Kuna utaratibu."

Utaratibu! Nyinyi mnaosoma hapa mnalijua hilo neno. Shule ya msingi ikikosa mwalimu, kaunti inakwambia hiyo ni ya serikali kuu Nairobi. Sawa. Lakini nasari ni yao, Katiba imewapa. Hiyo moja tu! 2014 walituambia choo kinakuja. 2018, choo kinakuja. Mwaka juzi upepo ukabeba mabati, tukayarudisha sisi wazazi na misumari yetu. Mimi niliachia shule darasa la saba, lakini kusahau sijui.

Sasa wanafunga. Watoto wa miaka minne, na Chemutai wangu akiwa mmoja, watembee kilomita tano kwa barabara ya trekta za majani chai. Dereva wa trekta ataonaje mtoto mfupi kuliko tairi?

"Wazazi mia moja na kumi na wawili wamekubali," Kipkirui akasema, akipeperusha karatasi. "Maoni ya umma yalichukuliwa."

"Lini?"

"Iko hapa."

"Nimeuliza lini, sijauliza wapi!"

Mama Celine, anayepikia watoto uji, akanivuta koti. "Wacha kelele wewe. Omba hiyo karatasi uone."

Nikaomba. Kipkirui akakataa. Akina mama wakaanza kupiga makofi polepole... pa... pa... pa... Akanipa.

Majina ni yetu. Sahihi ni zetu. Lakini pale pangekuwa na namba ya kitambulisho...

"Mama Celine, hii yako ni namba gani?"

Akaangalia. Akashika mdomo.

"Woi! Si hiyo ni namba yangu ya chai!"

Ukurasa mzima ni namba za chai! Zile karani wa kiwanda cha chai hutuuliza tukipima majani. Nani huenda mkutano wa nasari na namba ya chai?

"Nani alileta hii orodha?"

Kipkirui akaangalia viatu vyake. Mathew akaangalia dirisha.

Mathew! Mwenyekiti wa kamati ya nasari. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukalala kibanda kimoja.

"Ni wewe?"

"Kiwanja cha nasari kiko kando ya lami," akasema bila aibu. "Vibanda vya biashara vitajengwa, watu wapate kazi."

"Watu gani? Wewe na nani? Na sahihi uliiba wapi?"

Akatabasamu.

"Kwako."

"Nini?!"

"Ile barua yako ya barabara mbovu ya kupeleka majani. Mwaka jana ulinipa nifikishe kiwandani. Maneno yalikuwa ukurasa wa kwanza peke yake, Zack. Kurasa zingine za sahihi ulichora mistari tu."

Nikafunua kurasa zilizofuata.

Ni kweli. Karatasi nilizungusha mwenyewe siku tisa, boma kwa boma, kwa matope. Juu hazikuwa na kichwa! Akachomoa ukurasa wangu wa kwanza, akabandika wa kufunga nasari.

"Na muulizeni huyu mpiganaji," Mathew akapaaza sauti, "ya marehemu ilisainiwa na nani!"

Mimi. Namba yetu ya chai bado iko kwa jina la mzee, hatujawahi kubadilisha. Nikaandika jina lake, nikachora sahihi yake.

Kipkirui akarukia hapo kama kunguru. "Kughushi ni jela, Zack! Tuendelee ama utakaa chini?"

Niwaambie ukweli? Nilitaka kukaa.

Halafu nikageuka, nikaona akina mama wote wananitazama mimi.

"Andika," nikasema. "Mimi Zack nimeghushi sahihi ya maiti, kwa barua ya barabara. Si ya nasari. Sasa ipeleke kwa kaunti, Bomet, hiyo orodha yako! Tutaingia ndani watatu, wewe, Mathew na mimi, na mimi nitatangulia."

Kipkirui akafunga faili. "Mkutano umeahirishwa."

Leo nasari iko wazi na watoto wamekunywa uji. Mathew ameondolewa uenyekiti. Watarudi na ujanja mwingine, nawajua hao!

Jumanne hiyo, nje ya ukumbi, nilidhani Mama Celine atanishukuru.

"Nikushukuru nini? Kalamu yako nusura iuze watoto wetu!"

Wenzangu, tunawatukana wakubwa kila siku, na ni haki yao wapate matusi. Lakini ukiletewa karatasi usaini, angalia juu kwanza. Kama juu hakuna kitu, irarue.

Hata kama nimeileta mimi.