Duka Lisilojua Kunyamaza

"Hivi, hilo duka lenu la kwenye simu lina macho?"

Swali hilo aliliuliza jirani yao, fundi cherehani, siku moja akiwa amesimama mlangoni mwa duka, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni na simu mkononi. Jana yake alikuwa ameangalia picha za vyandarua. Leo amefungua tena tovuti ya duka ili atazame ndoo tu, na kumbe vyandarua ndivyo vilivyotangulia kumpokea, vya bluu na vyeupe, vikubwa kwa vidogo.

Msichana aliyekuwa akifuta vumbi kwenye chupa za chai alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. Alikuwa binti wa mwenye duka, na shuleni wenzake walimwita Injinia. Yeye mwenyewe aliitika jina hilo haraka kuliko lile alilopewa na wazazi.

"Halina macho, mama," alisema. "Ila linakumbuka. Ukiangalia kitu, tovuti inaweka kumbukumbu kwamba simu yako ilikitazama. Siku nyingine ukiingia, inakusogezea mbele vitu vya aina hiyo. Kila mteja ana ukurasa wake. Wako una vyandarua, wa mpishi wa shule una masufuria."

"Makubwa haya!" Fundi alishika kiuno. "Na ninayoota usiku, nayo linayajua?"

"Bado, mama. Tukifika huko nitakwambia."

Fundi aliondoka akicheka, akamwambia kila aliyekutana naye kwamba mtoto yule ana akili za ajabu. Injinia alizisikia sifa hizo kutoka ndani, na kichwa kikamvimba.

Duka lao liliuza vyombo vya nyumbani: mabeseni, mashuka, ndoo, sabuni, mikeka ya plastiki. Baba alikuwa amefariki, na mama ndiye aliyelisimamia. Tovuti aliitengeneza kaka mkubwa kabla hajahamia mji mwingine kikazi. Kila siku Injinia alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akafagia mbele ya duka, kisha akaketi kwenye kompyuta iliyokuwa chumba cha nyuma, kati ya magunia ya sabuni, akaweka picha za bidhaa mpya.

Kaka alikuwa amemfundisha kila kitu kwa subira. Kabla ya kuondoka alimwonya jambo moja.

"Kazi ya hii kumbukumbu ni kupanga picha tu," alisema. "Isiseme neno. Na ukitaka kubadilisha chochote, nipigie kwanza."

"Sawa, kaka."

Lakini sifa za fundi zilimlevya. Alijiuliza: picha zikitangulia tu, wateja wangapi watajua kwamba hapa pametumika akili? Wengi watadhani zimejipanga kwa bahati. Basi alasiri moja, bila kumpigia kaka, aliongeza salamu juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa nyekundu: *Karibu tena! Bado unawaza kuhusu...* Mwisho wa salamu aliacha nafasi, ili tovuti yenyewe iweke jina la kitu ambacho simu ile ilikitazama zaidi.

Alijaribu kwa simu ya mama. Ukurasa ukafunguka: *Karibu tena! Bado unawaza kuhusu mabeseni ya bluu?* Injinia alipiga makofi peke yake.

Hakuwaza jambo moja, ingawa alilijua fika. Katika nyumba nyingi za mtaa wao simu haikuwa ya mtu mmoja. Asubuhi ilikuwa ya mama, mchana ya mtoto, jioni ya mjomba anayetaka kusikiliza mpira. Tovuti ilidhani inamsalimu mtu. Kumbe ilikuwa inasalimu nyumba nzima.

Wiki hiyo wanafunzi wa darasa lake walikuwa wakitafuta zawadi ya kumuaga mwalimu wao wa darasa aliyepata uhamisho. Walikubaliana wamnunulie chupa ya chai. Mwalimu wa zamu alimruhusu mmoja wao aje na simu, na aliyekuja nayo alikuwa Kicheko.

Kicheko alikaa dawati moja na Injinia tangu wakiwa wadogo. Aliitwa hivyo kwa sababu hata akianguka alicheka kwanza, ndipo akajipangusa. Mama yake alikuwa msusi, na simu ile ilikuwa ya mama yake. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama na mtoto. Kicheko hakuwa na mdogo wala mkubwa, na darasa zima lilijua hivyo.

Wakati wa mapumziko walisongamana kwenye dawati lao.

"Fungua duka letu," Injinia alisema, akijipenyeza katikati. "Fungua uone maajabu. Linakusalimu lenyewe!"

"Linasalimu vipi? Linatoa mkono?" Kicheko aliuliza, na wote wakacheka.

"We fungua tu."

Kicheko akafungua. Nyuma yake alisimama kijana waliyemwita Redio, ambaye hakuweza kuona maandishi bila kuyasoma kwa sauti, hata yawe ya kwenye gunia. Ukurasa ulipotokea, Redio akasoma, na sauti yake ikafika mpaka dirishani:

"*Karibu tena! Bado unawaza kuhusu shuka la mpira kwa mtoto mkubwa anayekojoa kitandani?*"

Jina hilo refu la bidhaa alikuwa ameliandika Injinia mwenyewe, ili wateja wasipate taabu kuitafuta.

 Mmoja alicheka kwa puani, mwingine akafuata, na darasa likalipuka. "Mtoto mkubwa yupi huyo kwenu?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Au ni msusi?"

Kicheko aligeuza simu uso chini juu ya dawati. Midomo ilimtetemeka kama anayetaka kucheka na wenzake, lakini kicheko hakikutoka. Alimtazama Injinia.

"Nani ameandika hivi?"

Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze. Angesema "ni mimi," na maneno yale yalikuwa tayari ulimini. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na alizoea yamtazame kwa kumsifu.

"Mashine tu," alisema. "Inajiandikia yenyewe. Mimi sijui."

Kicheko alichukua mkoba wake, akaenda kuketi dawati la nyuma kabisa. Siku iliyofuata hakuja shuleni, wala siku ya pili.

Injinia aliifuta ile salamu jioni ileile, akidhani ataifuta na aibu pamoja nayo. Haikufutika. Chakula hakukigusa. Mama alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba kichwa kinamgonga. Sasa uongo ukawa wa pili, nao ulimtoka kwa urahisi zaidi kuliko ule wa kwanza. Hilo likamtisha.

Alasiri ya siku ya pili alikuwa chumba cha nyuma alipoisikia sauti ya msusi dukani. Hakuwa anagomba. Alikuwa anaongea polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama mwenzangu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Lile shuka ningeweza kuja kulinunua hapa hapa. Lakini hapa pana watu, na mwanangu ameshakuwa binti mkubwa. Nikasema ngoja nitazame kwenye simu, huko hakuna atakayeniona. Kumbe huko ndiko kwenye mbiu."

"Mbiu gani, dada yangu? Sikuelewi," mama alisema.

Msusi akamweleza yote, tangu salamu nyekundu mpaka kicheko cha darasa. "Mtoto anatibiwa," alimalizia. "Daktari ametuambia huwapata watoto wengi, si uvivu wala uchafu, na si kosa lake. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Sasa tangu juzi hataki kutoka ndani."

Mama akaita, na Injinia akatoka kati ya magunia.

"Shikamoo, mama," alimwambia msusi bila kuinua macho.

"Marahaba."

"Salamu ile imetoka wapi?" mama aliuliza.

"Ni mashine, mama. Inajia..."

"Mashine." Mama aliweka chini kalamu aliyokuwa ameshika. "Mashine ilijuaje kumuuliza mtu jambo lake la chumbani mbele za watu? Nani aliifundisha?"

Injinia aliangalia sakafu aliyoifagia mwenyewe. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, na machozi yalipoanza hayakumpa nafuu yoyote.

"Ni mimi," alisema. "Kaka alinikataza. Nilitaka watu wajue kwamba tovuti yetu ina akili. Na Kicheko aliponiuliza, nikasema ni mashine. Nilimdanganya mbele ya wote. Nisamehe, mama. Tena mimi mwenyewe nilimwambia afungue!"

 Msusi alivuta kigoda cha wateja, akaketi, akamwashiria msichana asogee.

"Sikia, mwanangu. Mimi nasuka vichwa vya watu. Mtu akifungua kilemba mbele yangu, naona yote. Naona nywele zilizokatika, naona mapunye, naona upara wa mtu ambaye hata mumewe hajui. Na lazima nione, maana nisipoona sitajua nimsuke vipi. Nikimwona tena namwandalia mafuta yanayomfaa kabla hajaomba. Lakini siku nitakayosimama mlangoni nikamwita, 'Karibu wewe mwenye upara,' nani atakuja kuketi kwangu?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna. Kumjua mtu ili umhudumie si kosa. Kosa ni kukitoa nje alichokuamini nacho, ili wewe usifiwe."

"Na mimi nikwambie," mama aliongeza, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anapomaliza sala. "Mungu anajua yetu yote. Hakuna unalolifanya asilolione. Lakini kila asubuhi hututoa nje tukiwa tumesitiriwa, tunasalimiana na watu kama watu. Sisi ni nani tuwavue wenzetu? Umemvua mwenzako, halafu ukamwambia ni upepo."

Injinia alilia kwa sauti sasa. Hakuna aliyembembeleza.

"Nifanye nini?" aliuliza alipoweza.

"Duka ni langu, nalo nitaomba radhi mimi," mama alijibu. "Uongo ni wako. Uliusemea wapi?"

"Darasani."

"Basi unajua pa kwenda kuutoa."

Jioni hiyo walimpigia kaka. Injinia alimsimulia mwenyewe, na kaka akamsikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia picha tu," alisema. "Lakini na mimi nina langu. Sikuwauliza wateja kama wanataka kukumbukwa." Wakafanya kazi pamoja, yeye huko na dada yake huku. Tangu siku hiyo mteja akiingia mara ya kwanza aliulizwa kama angependa duka likumbuke alichotazama, na akikataa, halikumbuki. Vitu vyote vya ugonjwa na vya mwili havikukumbukwa kwa mtu yeyote, hata aliyekubali. Na lile jina refu la bidhaa likafupishwa likawa shuka la mpira, basi.

Msusi alimshawishi binti yake arudi shuleni. Asubuhi iliyofuata Kicheko aliingia ameinamisha kichwa, akapita dawati lao la zamani kama halipo, akaketi nyuma.

Injinia alisubiri mapumziko. Kengele ilipolia na wenzake wakaanza kuinuka, alisimama mbele ya ubao. 

"Naomba mnisikilize," alisema. "Kabla hamjatoka."

"Injinia ana tangazo!" Redio alipaza sauti. "Duka limeanza kupika?"

Baadhi walicheka. Alingoja wamalize.

"Niliwaambia ile salamu iliandikwa na mashine. Nilidanganya. Niliiandika mimi, kwa mikono yangu, na kaka alikuwa amenikataza. Mashine haikuwa na kosa, wala mwenye simu hakuwa na kosa. Kosa ni langu, kwa sababu nilitaka sifa. Nilipoona aibu imemwangukia mwenzangu, nikaona afadhali imwangukie yeye kuliko mimi."



"Sawa," Redio alisema, "lakini lile shuka lenyewe ni la na..."

"Hilo si langu kulisema," Injinia alimkatiza, "na si lako kuliuliza. Ukitaka kucheka, nicheke mimi. Nipo hapa."

 Redio aliangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kusoma. Mmoja wa waliocheka sana siku ile akaanza kupanga vitabu vyake vilivyokuwa vimeshapangwa.

Injinia alienda mpaka dawati la nyuma. Alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani, na sasa yote yalikuwa yamemkimbia.

"Nisamehe," alisema. "Sikuombi urudi kukaa na mimi. Naomba unisamehe tu."

Kicheko aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu, wala hayakuwa na hasira. Alimtazama rafiki yake kwa muda mrefu, na Injinia, ambaye siku zote alipenda kutazamwa, alitamani kuinamisha kichwa lakini hakuinamisha.

"Nimekusikia," Kicheko alisema.

Akainuka, akauweka mkoba begani, akapita katikati ya madawati huku wenzake wakimpisha, akatoka nje.